Uzinduzi wa Kituo cha Kusoma Mawingu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hukufika lakini kiti chako kimefika; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Hali ya Hewa ya Kata, ambao ni mimi na karani; fundi seremala, akina mama wa matofali, walimu, na ninyi mliokuwa mnapita njia mkaona viti; itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa karani ataizingatia kesho. (Makofi ya karani.)

Mimi mwenyekiti wenu, niliyeishia darasa la nne lakini nikaliishia vizuri, nasimama leo mbele ya mlango huu mpya, wenye kibao kisemacho Chumba cha Mitambo, Usiingie, kuzindua kituo chetu, ambacho ni mradi shirikishi, endelevu na wa kidijitali, na fisibiliti yake, yaani upembuzi yakinifu, niliifanya mwenyewe kwa kutazama juu. Tangu nikikalie kiti hiki utabiri wangu umetimia kwa asilimia mia na nne, hizo nne zikiwa ni za siku ambazo sikutabiri kitu na kitu kikatokea. (Vicheko.) Ndiyo maana nilitoa waraka kwamba leo ni jua tupu, na kwa nguvu ya waraka huo nikaazima kwa shemeji yangu, fundi matofali, turubai lake linalofunika matofali mabichi elfu tatu ya darasa la chekechea, likatutia kivuli sisi wa jukwaani.

(Fundi matofali, kutoka nyuma: "Shemeji, uliniambia nusu saa. Matofali yako wazi, na mvua ikiyakuta ni tope.")

Keti shemeji. Kwanza elimu. Wingu si moshi wala pamba, kama wasemavyo watu wasio na kamati. Jua linapochoma bwawa na nguo zenu mlizoanika, maji hugeuka mvuke, na mvuke hupanda kama ombi la uhamisho, ofisi hadi ofisi, na kadiri unavyopanda unakuta baridi, maana kwa wakubwa huko juu ndivyo kulivyo. Baridi hiyo inaurudisha kuwa vitone vidogo sana, lakini kitone hakijifungi chenyewe hewani, kinataka punje ya vumbi ya kushikia, kama kikao kinavyotaka mwenyekiti. Kwa hiyo naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi ndiye vumbi la kata hii. (Makofi marefu. Sauti: "Tumekubali.")

Asanteni. Sasa data. Wingu jembamba kama manyoya, lile la juu kabisa, ni barafu tupu na halikulowanishi, linakuletea taarifa tu kwamba hali huenda ikabadilika. Vibonge vyeupe vidogo vyenye kitako bapa maana yake anika mahindi yako ulale. Shuka la kijivu lililotanda mbingu nzima ni manyunyu ya kukera. Lakini liko moja, na hilo nimelifanyia utafiti wa kina kupitia dirisha la choo changu, linalofurika kwenda juu kama povu kwenye beseni, tumbo jeusi, kichwa kimetandazika bapa kama fuawe ya mhunzi. Ukiliona hilo, halafu upepo wa baridi ukupige shingoni ghafla, una dakika chache tu, hata uwe waziri.

(Mkutano mzima unatazama juu, nyuma ya mwenyekiti.)

Naona mmeinua nyuso. Hiyo ndiyo inaitwa kapasiti bilding.

(Fundi matofali: "Shemeji, fuawe hiyo iko mgongoni kwako.")

Mwenyekiti hageuki. Akigeuka, waraka unakuwa batili. (Kofia ya karani inaondoka na upepo.) Na baridi hii ninayoisikia shingoni ni sehemu ya maonyesho. (Fundi matofali na wenzake wanne wanapanda jukwaani na kufungua kamba.) Shemeji, kamba hiyo inashikilia serikali.

("Inashikilia turubai langu. Inama.")

Nimeinama, lakini kwa hiari, na iandikwe hivyo.

(Fundi na wenzake wanaondoka na turubai mbio kwenda kufunika matofali. Tone la kwanza linaangukia hotuba, ukurasa wa tatu kati ya kumi na tisa.)

Tulieni wananchi. Utabiri ulikuwa sahihi, mvua ndiyo haikusoma waraka. (Watu wanakimbilia Chumba cha Mitambo.) Someni kibao jamani, someni kibao. (Mlango unafunguka. Upande wa pili ni uwanja, na mvua ileile.)

Naam. Hivyo basi, kwa niaba ya Kamati, namshukuru fundi seremala kwa mlango imara pamoja na fremu yake, ambavyo kwa sasa ndivyo kituo kizima, kuta, paa na mitambo vikiwa bado katika hatua ya mimi kuvifikiria. Semeni pamoja nami: mawingu, tusome, matofali, tufunike, mwenyekiti, aendelee. (Hakuna aliyebaki wa kuitikia.)

Nahitimisha nikiwa hapa chini ya turubai, nilikojibanza kando ya matofali, ambapo natangaza rasmi kwamba matofali yote elfu tatu yamesalimika, chekechea watapata darasa lao, na pongezi hizo nazipokea kwa unyenyekevu. Shukrani za pekee ni kwa shemeji, aliyesoma wingu bila kituo. Ananiambia nisogee, na nisiegemee kitu, bado ni mabichi.