Ndugu wa Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi imetangazwa! Fundi mkuu wa viyoyozi, ghorofa ya saba, ile yenye mafaili ya siri na mlango wa chuma. Nani anastahili kama si mimi? Nilianza jengo hili na ufagio. Gesi na kompresa nimejifunza kwa kuchungulia, hakuna aliyenishika mkono. Miaka kumi na tisa!

Ila lazima kibali cha usalama. Fomu, swali la 23: taja ndugu wote waishio nje au walio raia wa kigeni. Lo! Dada yangu kaolewa huko, na raia wa huko. Shemeji anaoka mikate tu, lakini mgeni ni mgeni.

Jumanne, 4 Machi

Mpinzani wangu ni Tai, fundi anayevaa tai hata juu ya ngazi. Leo katamba mbele ya watu kwamba ana ndugu kumi na mmoja nje, na ataandika wote. Nimecheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Hesabu ya darasa la pili: yeye kumi na mmoja, mimi mmoja. Nikimfuta huyo mmoja, nampiga kumi na moja bila!

Nimeandika HAKUNA. Nikapiga mstari. Nikaongeza wa pili.

Jumatano, 5 Machi

Nimejitoa kwenye kundi la familia. Picha ya harusi ya dada, pale sebuleni, nimeifunika kwa kalenda. Mama kauliza binti yake kakosa nini. Nikamfundisha: afisa wa usalama akija kuuliza ana watoto wangapi, ajibu mmoja. Akasema haya baba, kazi ni yako.

Tumefanya mazoezi mara saba, kapatia tano. Asilimia sabini na moja. Inatosha!

Ijumaa, 7 Machi

Afisa kaja nyumbani. Mwanamke mpole, kalamu ya bluu. Kamuuliza mama ana watoto wangapi. Mama akakaa wima kama yuko mbele ya mwalimu, akajibu kwa sauti: mmoja tu, yule mwingine nimeambiwa nisimtaje.

NISIMTAJE! Nilitamani kuingia ndani ya friji.

Afisa kaweka kalamu chini. Kasema kuwa na ndugu nje si kosa. Wanachotaka kujua ni nani, anafanya kazi gani, mnawasiliana kiasi gani, na kama mtu anaweza kukubana kupitia yeye. Mwenye kuficha ndiye rahisi kubanwa. Kanipa fomu mpya, mwisho Jumanne, na anataka anwani ya dada. Nimemshukuru mpaka nikagonga kichwa mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia dada. Kauliza mimi ni nani. Nikasema kaka yako. Kasema kaka gani, yeye kwao kazaliwa peke yake, hata kwenye kundi hayumo mwingine. Akakata! Hivi, kosa langu ni lipi?

Mama kampigia. Dakika arobaini, robo tatu yake kunisema mimi. Anwani imepatikana.

Jumatatu, 10 Machi

Tai kapata kibali! Na ndugu wote kumi na mmoja! Kapita karakana akinyoosha tai, akaniuliza kama bado ni yatima; kumbe aliichungulia HAKUNA yangu. Uteuzi bado, wananingoja mimi tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na jibu! Afisa alizunguka mbuyu kwa upole, lakini namba hazidanganyi. Tai: kumi na mmoja, kapita. Mimi: sifuri, nimekwama. Kumbe ndugu wa nje ndio maksi zenyewe! Na mimi nipeleke mmoja? Sijapoteza akili.

Nimeandika kumi na wanne. Dada wa kweli yumo, tena wa kwanza, asije akasema namdharau. Wapwa wa jirani sita. Waliobaki nimewatunga kwa uangalifu mkubwa, watatu kati yao watoto wa mama. Shemeji nimempandisha cheo, kutoka mikate hadi mshauri wa jeshi la kwao. Lazima afisa ashtuke!

Fomu nimeipeleka saa tatu kamili. Afisa anakuja tena Ijumaa. Mama sasa ana watoto watano. Tumefanya mazoezi mara nane, na wanne ameshawakariri.