Malalamiko Kuhusu Kinanda Kisichokuwa na Kasoro

Ndugu Meneja wa Malalamiko,
Kiwanda cha Vinanda.

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa kazi ya kusoma barua za wenye hasira. Mimi ni mpiga kinanda katika bendi ya harusi ya mjomba wangu, ambaye pia ndiye mwimbaji. Kwa miaka mingi nilipiga piano ya umeme ya zamani tuliyoiita Bibi. Bibi alipokata roho katikati ya sherehe, nilinunua kinanda chenu cha dijitali, ambacho kijitabu chake kinaapa kuwa kinalia kama piano ya umeme halisi. Ndugu Meneja, hakilii hivyo. Ni kizima mno, na kwa sababu hiyo niko mbioni kupoteza kazi. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Bibi alikuwa akivuma tangu anapochomekwa kwenye umeme hadi anapochomolewa, na mjomba alichukua sauti ya kuanzia kwenye mvumo huo. Chenu kiko kimya kama ukuta. Jumamosi iliyopita mjomba alianza wimbo wa maharusi juu mno, na alipofika kwenye kiitikio alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mishipa ya shingo imemtoka.

2. Kitufe kimoja cha katikati cha Bibi kilikwama kidogo kabla ya kulia. Bendi nzima ilizoea kukisubiri. Chenu kinalia papo hapo, nami nabaki mbele peke yangu, mpiga ngoma akinitazama kama mtu aliyeanza kula kabla ya wageni.

3. Ukimgusa Bibi taratibu alilia kama kengele. Ukimkandamiza alikoroma kwa hasira. Nimezungusha kila kinachozungushika kwenye kinanda chenu. Nimepata kengele, filimbi, na kitu kama mvua. Hasira sijaipata.

4. Bibi alinipiga shoti ya umeme kila niliporefusha wimbo, kwa hiyo nilipiga kwa ufupi. Sasa hakuna kinachonizuia, na hata mama yangu mzazi ameniomba nifupishe.

5. Kumbeba Bibi kulihitaji shemeji zangu wanne. Tangu nianze kubeba chenu kwapani hawaji tena, nao ndio waliokuwa wakinipigia makofi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mtume fundi aje akiharibu kitaalamu: akitie mvumo, akwamishe kitufe, aunganishe na shoti, japo ya wastani. Jambo hili ni la haraka. Mjomba ameniambia mbele ya bendi nzima: "Mpwa wangu, Jumamosi hii kikilia tena hivyo, kiti nampa shemeji wa mpiga gitaa." Naumia, Ndugu Meneja. Huyo shemeji anapiga kwa vidole viwili, na kiti kile ndicho mahali pekee ambapo watu wa kwetu hunisikiliza.

Nisalimie wote kiwandani, kuanzia mlinzi wa getini hadi aliyeandika kile kijitabu, ila huyo msalimie kwa mkato.

Wako katika kutafuta kasoro,
Mpwa wa Mwimbaji

Nyongeza: Baada ya kuandika haya, nilikiingiza kinanda chenu ndani ya kasha la mwili wa Bibi, lililotolewa vitu vya ndani, vitufe tu vikionekana, ili kisipate vumbi. Mjomba akaja mazoezini, akaona Bibi amerudi, akaimba hadi machozi yakamtoka. Bendi nzima ilikisubiri kile kitufe, nami, Ndugu Meneja, nilikisikia kabisa kikichelewa. Fundi asije.