Gari la Umeme la Familia ya Mfano

Wizara ilitangaza, kwa furaha kubwa na vipaza sauti vikubwa zaidi, kwamba wakati wa gari la umeme la familia umewadia. Ili wananchi wasijisumbue kuchagua, Mkurugenzi wa Vyombo vya Usafiri angewachagulia. Gari angelijaribu nyumbani kwake katika matumizi ya kila siku, bila dereva wa serikali, kisha Waziri mwenyewe angelipanda mbele ya kamera.

Mkurugenzi alifaa kabisa. Alikuwa amepanda magari ya kila aina, yote kwenye kiti cha nyuma kushoto, kwa hiyo aliyapima yote akiwa hapo hapo. Moja alilikataa kwa kuwa gazeti halikukunjuka vizuri. Lingine vioo vyake vilionyesha watu. La tatu, la buluu, lilimbembeleza mgongo hata akakoroma, na mkoromo huo ukaingia kwenye ripoti kama "utulivu wa kimfumo".

"Likichajiwa linafika wapi?" aliuliza mkewe, fundi cherehani, ambaye ndiye mwenye leseni nyumbani.

"Hilo ni suala la kitaalamu."

"Na wewe si ndiye mtaalamu?"

"Mimi ni ngazi ya juu ya utaalamu. Huku juu maswali hayafiki."

Mke akaenda mwenyewe kumuuliza muuzaji. Akaambiwa la buluu linachajiwa nyumbani usiku, asubuhi linazunguka mji mzima na chaji inabaki. Akapima buti la gari kwa futi yake ya kushonea. Akaridhika.

Asubuhi ya uzinduzi Mkurugenzi alitoka na suti, akasimama kando ya mlango wa nyuma kushoto, akangoja ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akajifungulia, akamkuta mamkwe wake ndani.

"Mama, hicho kiti ni cha—"

"Cha goti," alisema mamkwe. "Zunguka, mwanangu."

Akazunguka. "Moja kwa moja kwenye uzinduzi," akamwambia mkewe aliyeshika usukani.

"Hospitali kwanza, baba watoto. Mama akikosa zamu yake ya sindano leo, anaanza foleni upya."

"Waziri anasubiri."

"Goti limesubiri tangu mvua zilizopita. Tena lenyewe linauma."

"Nakuamuru ugeuze gari."

"Mwamuru dereva wako."

Mkurugenzi akafungua mdomo, akakumbuka ni yeye mwenyewe aliyemwondoa dereva kwa maandishi, akaufunga. Hospitalini alishika mkoba na kandambili. Mamkwe alitoka amechekeshwa na daktari, mguu umefungwa bandeji, marufuku kuukunja mpaka jioni. Kiti cha mbele cha abiria kikasukumwa mbele kabisa ili mguu ujinyooshe, na juu ya kiti hicho yakapangwa magauni ya wateja wa mke.

Waziri alikuwa amesimama juu ya zulia jekundu, tabasamu limeanza kumkauka. Gari likaja kimya. Akafungua mlango wa nyuma kushoto, akakutana na mguu.

"Zunguka, mwanangu," alisema mamkwe. "Huu haukunjwi."

Kamera zilikuwa hewani. Waziri akazunguka. Mkurugenzi akashuka upesi, akampisha kwa heshima zote atangulie kuingia. Na anayetangulia ndiye anayekaa katikati.

"Wizarani," aliamuru Waziri, magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Ni njiani, shemeji," alisema mke. "Tukishagawa magauni."

Msafara wa ving'ora ukawafuata. Ukasimama kwa mteja wa kwanza. Ukasimama kwa wa pili, ukaendelea kusimama huku akilijaribu gauni, akilalamikia mkono, akilijaribu tena. Waziri aliwapungia wananchi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unazuia magauni yasianguke.

Walipofika wizarani, Waziri alichomolewa na walinzi wake. Mwandishi wa habari akapitisha kipaza sauti dirishani, matangazo yakiwa bado moja kwa moja.

"Bibi, gari umelionaje?"

Mamkwe hakuwa na haraka. Aliupapasa mguu wake, akawatazama mabwana wawili wanaojinyoosha suti pembeni.

"Gari zuri," alisema. "Halinitikisi goti. Ila nafasi yake inajazwa na watu wasio na shughuli."