Barua kwa Yeyote Anayehusika

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kahamia kwa dada yake. Eti nimeuza kiti chake! Mimi fundi viti bingwa. Mteja kakikalia, kakipenda, hakutaka kuinuka. Ningemng'oa kwa jeki? Nyumba kimya. Chai nimejipikia. Paka kainusa, kaenda zake.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu fundi saa kanishauri niende nikapige magoti. Magoti haya? Yakishuka, kuyapandisha mpaka waitwe watu!
Nitaandika barua. Na itaanza kwa Kiingereza! Ninayo barua ya sifa ya msimamizi wangu wa zamani, nimeitia fremu. Juu kabisa: To Whom It May Concern. Maana yake siijui, Kiingereza sikusoma. Nguvu zake nazijua. Kila bosi aliyeyasoma maneno yale alinipa kazi papo hapo. Mmoja hata alisimama! Fundi saa anasema alikuwa anafunga dirisha. Wivu huo. Kama yaliwalainisha mabosi, seuze mke?

Jumatano, 5 Machi
Nimenakili herufi moja moja, ulimi nje. Chini nikamalizia kwa lugha yetu: rudi, nyumba imepwaya. Shemeji, huyo dada mtu, ni karani, hupita hapa akitoka kazini. Nimemkabidhi ampelekee mke wangu. Kesho mtu yupo nyumbani!

Alhamisi, 6 Machi
Hayupo.
Shemeji kaja peke yake, anafuta machozi ya kicheko. Anasema maneno yale maana yake ni kwa yeyote anayehusika, huandikwa na mtu asiyejua nani ataisoma barua yake. Mke wangu kauliza: ndoa yote hii, bado mume hajui anamwandikia nani? Kisha shemeji kanipa salamu zake: anayehusika hajapatikana, wameuliza mpaka nyumba ya tatu, akionekana nitajulishwa.
Fundi saa kacheka mpaka kaangusha lenzi yake. Mimi sikucheka. Pale kilipokaa kiti chake sakafu ina alama nne. Nimeziruka siku nzima, nisizikanyage.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda mwenyewe. Nikabisha, nikauliza kama anayehusika anakaa hapa. Sauti yake ikauliza yupi. Nikasema yule anayekoroma halafu ananisingizia mimi. Yule anayetia chumvi kanipa mgongo, nisiibe ujuzi. Yule ambaye asipokuwepo naongea na paka.
Mara nikasikia ndara. Kumbe begi lilishafungwa tangu jana! Kanibebesha, uso kaukunja. Tulipofika kona, kicheko kikamtoka.

Jumapili, 9 Machi
Maneno yale yamefanya kazi! Nilisema mimi! Mke yupo jikoni, ananiita mwandishi.
Shemeji kanisomesha vizuri: maneno yale yanafaa pale tu usipomjua msomaji. Nimeelewa, kichwa changu chepesi. Sasa namwandikia mama mkwe, kumshukuru kwa kunizalia mke. Mke anasema nianze na Mama mpendwa, basi. Aa wapi! Yule mama asubuhi ananiita mwanangu, jioni ananiita janga. Mpaka leo simjui.
Nimeshaandika juu, herufi kubwa kubwa: To Whom It May Concern.
Hapo nani atanikosoa?