Kitambaa Hakikulalamika

Jumatatu, 3 Juni
Namshukuru Mungu kwa kioo kipya cha karakana. Kimesema kweli: kichwa changu ni pamba tupu. Masharubu bado meusi, ila kichwa kinanisaliti. Na Jumamosi Bosi anachagua fundi mkuu! Miaka ishirini na mbili nakata suti humu nikikitamani cheo hicho. Mpinzani wangu ni Overloki, tuliyemwita hivyo kwa mashine anayoendesha. Nusu ya umri wangu. Mvi hana hata ya dawa.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua hina nyeusi kwa muuza vipodozi wa kona. Dakika kumi tu! Shemeji, mdogo wa mke wangu, ni msusi. Kainusa, kakunja uso. Kasema hina halisi haitoi weusi, hutoa wekundu wa kahawia, tena kwa saa kadhaa. Hii imetiwa dawa inayobabua watu. Niitupe. Nikishindwa kusikia, basi nijaribu kidogo kwanza, nisubiri siku mbili. Ana moyo mzuri, shemeji. Nimejaribu papo hapo, kwenye kipande cha pamba nyeupe, kama tunavyojaribu rangi yoyote kazini.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbili kamili. Kitambaa kizima, hakikuchuja wala kusinyaa. Nimepaka kichwa chote. Tii! Mke wangu kauliza baba watoto wake kaenda wapi. Nimeichukua kama sifa.

Ijumaa, 7 Juni
Kichwa kinawaka moto. Jicho la kushoto limefunga, la kulia linafikiria. Kofia haiingii. Na nani kanishika mkono hadi zahanati? Overloki! Daktari kauliza niliijaribu wapi. Nilipomjibu, aliweka kalamu chini kwanza. Sindano, vidonge, kunyolewa kipara, na onyo nisiguse tena rangi ya nywele bila kumuuliza. Overloki kabaki anamalizia suti zangu mbili. Wiki nzima nilikuwa namwombea mashine iharibike. Naona aibu.

Jumamosi, 8 Juni
Bosi kaja nyumbani. Cheo ni changu! Kumbe alishaamua mwezi uliopita, na Overloki mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Sababu? Mvi. Eti mteja akiona mvi, anaacha kitambaa chake cha harusi bila wasiwasi. Kakitazama kipara changu. Kasema Jumatatu nije hivyohivyo, nimemtosha. Nimelia kwa jicho lililo wazi.

Jumapili, 9 Juni
Nina deni la shukrani kwa watu wote hawa, na hasa kwa Bosi. Hivyohivyo alisema kwa huruma tu, sitamwangusha. Kichwa hakina mvi, lakini masharubu ninayo. Muuza vipodozi wa kona ana unga wa kuyafanya meupe pe. Dakika kumi tu! Na shemeji sijamsahau: nimejaribu kwanza, kwenye kipande cha suti nyeusi. Siku mbili sina, nimekipa saa mbili. Kimetulia kabisa.