Kuhusu Miguu, Macho na Mdomo wa Mdogo Wako

Kwa Wifi yangu mkubwa,
Nyumba ya kona, nyuma ya kinyozi.

YAH: KUREJESHWA KWA MDOGO WAKO

Wifi,

Jumanne ya wiki juzi nilipoteza mume na kamba ya vipimo kutwa nzima. Jana, kwa sababu hiyo hiyo, nimepoteza mteja mkubwa kuliko wote niliowahi kuwapata. Kamba ilirudi. Mume naye alirudi, jioni, akiwa amebeba mguu wa kiti ambao si wa kiti chetu. Mteja hajarudi, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kuja. Nikija tutakunywa chai, utanichekesha, na nitaondoka bila kusema nililolijia. Karatasi haichekeshwi.

Kwanza nikukumbushe kazi yangu, maana watu wa upande wenu mnadhani mapazia huota madirishani. Mimi sipimi kwa futi. Futi ina namba, na namba ikitoka mdomoni kwa mtu hadi ifike sikioni kwa mwingine inakuwa imeshabadilika. Mimi nina kamba. Unaanzia dirisha la kushoto mwa mlango, unanyoosha kamba ukingo hadi ukingo, unafunga fundo. Kutoka fundo hilo unapima dirisha linalofuata, unafunga fundo. Hivyo hivyo mpaka umezunguka chumba kizima na kurudi mlangoni. Kamba ikifika mezani kwangu, kipande cha kwanza ni pazia la kwanza, cha pili ni la pili, na hakuna wa kubishana na fundo. Kwa kamba hiyo nimetoka kushona kwa sindano ya mkono kwenye ngazi za nyumba ya watu, kwa mkasi wa kuazima, hadi cherehani tatu na kibao kilichoandikwa Mama Mapazia kwa rangi mbili. Hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono.

Mteja ninayemsema ni ile zahanati ya watoto. Unaijua, inatazamana na kwako, ile ambayo kila siku unalalamika kwamba wanaosubiri foleni wanakuchungulia jikoni ukipika. Muuguzi mkuu, mama asiyecheka ovyo, alikuja dukani kwangu mwenyewe, akagusa kitambaa, akanusa, akasema anataka wadi nzima. Ikipendeza, atanipa ofisi, jiko na nyumba za wauguzi. Nilimtuma mdogo wako akapime. Hilo ndilo kosa langu pekee katika jambo hili, na ninalikubali mbele yako.

Kamba ilisema kumi na moja, nikashona kumi na moja. Jana tukaenda kutundika. La kwanza, la pili na la tatu yalikaa kana kwamba yalizaliwa pale. La nne likafunika nusu ya dirisha, kama mtu aliyevaa shati la mwanawe. La tano likamwagikia ukutani. La sita sitaki hata kulizungumzia. Muuguzi akakunja mikono, akaniuliza, mbele ya wazazi wenye watoto wao mapajani, "Mama Mapazia, haya ni ya kwetu, au umekosea nyumba?" Nikayashusha yote, hata yale matatu ya halali, nikaondoka nayo kichwani. Amenipa hadi Jumatatu. Baada ya hapo atamwita yule fundi wa barabara ya juu, anayebandika pindo kwa gundi.

Sasa naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio, kwa kuwa wewe ndiye uliyemlea, na wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu wazima siku ya posa ukasema, nakumbuka neno kwa neno, "Huyu mdogo wangu ametulia." Niliichukua kauli hiyo kama dhamana.

1. Miguu. Duka la nyuzi liko upande wetu wa kulia, karibu kiasi kwamba ukiita hapa wanaitika kule. Nikimtuma uzi mweusi, mdogo wako anatoka mlangoni na kushika kushoto. Nimemuuliza kwa nini. Anasema kulia alishapita jana. Mtaa mzima wanamwita Dira, na si kwa kumsifu. Akirudi, uzi anao, hilo siwezi kumnyima, lakini anao pamoja na habari za ndoa ya mtu, ndizi mbili alizopewa na asiyemfahamu, na vumbi la barabara ambayo haimo katika njia yoyote kati ya hapa na dukani.

2. Macho. Ingekuwa yanazurura kwa wanawake ningejua pa kuanzia. Yanazurura kwenye vitu. Mtu akiwa anachomelea geti, yeye amesimama. Mtu akiwa anapakua mchanga, yeye amesimama. Anasoma kila kibao. Kibao kikisema Hatukopeshi, anaingia kuuliza wanauza nini. Na macho yakishatua mahali, mikono inafuata. Ndivyo tulivyoupata ule mguu wa kiti, ambao hadi leo umeegemea kona yangu ya kukatia vitambaa ukisubiri kiti chake.

3. Mdomo. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jana nilipotoka zahanati nilimkalisha chini nikamuuliza swali la ndiyo au hapana: wadi uliipima au hukuipima? Wifi, alianzia kwa fundi viatu. Akasema, "Mke wangu, nilipomaliza dirisha la tatu nikatazama nje, nikamwona fundi viatu anahangaika." Kutoka kwa fundi viatu akaingia kwa kaka yake fundi viatu, anayefuga bata. Kutoka kwa kaka akaingia kwa bata. Nikamwambia rudi wadini. Akasema wadini atafika, ila bila bata sitaelewa. Nikamwambia atoke nje, amalizie kuwasimulia hao bata. Alitoka. Leo amekaa kizingitini tangu asubuhi, na nasikia anamsimulia mwosha magari.

4. Akili. Nilidhani basi nimwache nyumbani, nimweke kwenye pasi, kazi ya kusimama mahali pamoja. Pasi iko kwenye kitambaa, mkono uko kwenye pasi, mwenyewe hayupo. Nikamuuliza anawaza nini. Akasema alikuwa anajiuliza mtu wa kwanza duniani kufunga fundo alikuwa anafunga nini. Kitambaa kilikuwa cha mteja.

5. Maambukizi. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kuchukua mapazia ya sebule. Aliondoka baada ya muda mrefu sana, anacheka, bila mapazia. Mwenye duka la nyuzi, mtu ambaye hajawahi kuniambia zaidi ya "uzi gani," sasa ananiuliza bata wanaendeleaje. Na mimi mwenyewe, Wifi, juzi nilikuwa napiga pindo lililonyooka, pindo ambalo naweza kulipiga nikiwa nimefumba macho. Nikamsikia nje anapiga mluzi. Mshono ukaufuata mluzi. Nimelazimika kufumua urefu wa mkono mzima.

Nimejaribu njia za amani. Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa atangaze kwamba mdogo wako asisalimiwe na mtu kati ya dukani kwangu na kwa mteja, kwa kuwa kila salamu kwake ni kichochoro. Mwenyekiti alicheka, kisha akauliza Dira yuko wapi, amemkosa siku mbili. Nilifikiria kumshonea kamba kwenye pindo la shati, mwisho wake niufunge kwenye mguu wa cherehani, lakini nikaona atanirudishia kamba ikiwa imezungushwa mtaa mzima na mafundo ya watu wasio wateja wangu. Nilipanga hata kuiandikia halmashauri wajenge kuta pande zote mbili za barabara, zisizo na milango, kutoka hapa hadi zahanati. Kisha nikakumbuka kwamba mtu wa kwanza kusimama kuwatazama waashi angekuwa yeye.

Kwa hiyo limebaki ombi moja tu. Chumba chako cha nyuma kiko wazi tangu mpangaji wako ahame. Naomba umpokee mdogo wako kwa matengenezo. Simpi muda. Umtulize kama ulivyoahidi, kisha umrudishe akiwa mtu anayetoka sehemu moja na kufika nyingine. Wakati huo nitaajiri mpimaji, kijana mmoja mkavu aliyekuwa anasoma mita za umeme, ambaye nimemjaribu: nilimtuma uzi akarudi na uzi, hana la kusimulia. Kweli duka lilikuwa kimya siku ile. Lakini kimya ndicho ninachokitafuta.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba simtaki. Nasema simpati. Nikimtafuta kazini yuko barabarani, nikimtafuta kwenye maneno yuko kwa bata, nikimtafuta mezani mbele yangu, sahani ipo na yeye yuko kwa huyo mtu wa kwanza na fundo lake. Mwanamke aliyejijenga kwa kamba iliyonyooka ataishije na kitu kama hicho? Na nikiikosa zahanati, kile kibao cha rangi mbili nitapanda kiti nikishushe mwenyewe, kwa sababu habari ya mapazia ya jana imeshanitangulia sokoni.

Naweza kusikia unavyosema, "Mbona hata wewe unazunguka, wifi yangu, barua ya kurejesha mtu mmoja ina kurasa ngapi?" Nimezunguka kwa sababu nimechokozwa. Halafu wewe huna haki ya kunisema hilo. Ukienda kununua chumvi unarudi jioni na habari za msiba. Nadhani ninajua sasa hizi tabia zimeanzia nyumba gani.

Uje umchukue Jumapili, nguo zake nitakuwa nimezipiga pasi mwenyewe. Nisalimie shemeji, nisalimie watoto wote kuanzia yule aliyeng'oka meno, mpe pole kinyozi kwa mkono wake unaomuuma, na yule jirani yako anayedai pazia langu lilichuja rangi mwambie sabuni yake ndiyo iliyolichujua.

Ni mimi wifi yako niliyefika mwisho wa uvumilivu,
Mama Mapazia.

Nyongeza: Nimeifungua bahasha tena.

Niliamua kuileta mwenyewe. Mdogo wako alikuwa bado kizingitini. Nikamwambia asinifuate, akanifuata. Kwa kuwa nilikuwa nimeshanuna, sikuwa na neno la kumkatiza, basi akaendelea na hadithi yake pale pale alipoiacha jana, kwa bata. Tukashika kushoto. Sijui kwa nini nilikubali. Tulipita kwa mchomeleaji, tukapita kwa fundi viatu, ambaye kweli ana kiti cha miguu mitatu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikaisikia hadithi ya mume wangu hadi karibu na mwisho.

Ni hivi. Alimaliza dirisha la tatu, akatazama nje, akamwona fundi viatu anahangaika na kiti. Akatoka kumsaidia, kamba mkononi. Akiwa huko akamkuta mtu, jina lake bado hajalifikia, amesimama kwenye dirisha lake ananung'unika kwamba halina pazia. Akamhurumia, akalipima kwa kamba ile ile. Na mkono wake, kwa mazoea niliyomfundisha mimi, ukafunga fundo. Kisha akarudi wadini akaendelea na dirisha la nne mpaka mlangoni, bila kukosea hata moja.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu, Wifi, nikapiga hesabu kwa vidole. Pazia la nne si la zahanati. Ukiliondoa, la tano ni la dirisha la nne, la sita ni la dirisha la tano, na kuendelea. Tukayarudia mapazia nyumbani, tukaenda zahanati. Muuguzi amekunja mikono vile vile. Tukatundika kumi. Yote yalikaa. Madirisha yenyewe ni kumi. Mimi, ninayehesabu hata vifungo vya shati la mgeni, sikuwa nimeyahesabu, na jana nilipofika la sita nilikimbia na aibu yangu bila kufika mwisho. Muuguzi akasema, "Kumbe," akanionyesha mlango wa ofisi. Akauliza nani atakuja kupima. Nikasema mume wangu.

Nilikusudia kupita kwako tulipotoka. Tulijikuta nyumbani. Sijui tulipita wapi, ila nina ndizi mbili.

Kwa hiyo Jumapili usije kumchukua, na yule wa mita za umeme nimemwambia asubiri kwanza. Barua naituma kama ilivyo, kwa sababu malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, bado ni ya kweli. Limebaki jambo moja, na juu ya hilo sitaki kuzungushwa. Nina pazia moja la ziada, jembamba, zuri, lililopigwa pindo kwa mkono wangu. Nilipomuuliza mume wangu ni la dirisha la nani, alianza kunijibu, akawaona watu wanapitisha kabati mlangoni, akaenda kuwasaidia. Hajarudi. Lakini mimi najua dirisha lililo mbele ya ile zahanati, najua nani hunung'unika akiwa amesimama hapo, na nitakasirika sana nikigundua kwamba nimekuandikia kurasa zote hizi kumlalamikia mtu aliyepotea kwa ajili yako.

Likikosa mwenyewe nalikata foronya. Jibu neno moja tu, bila kuanzia kwa kinyozi: ni la jikoni kwako, ndiyo au hapana? Nalitaka jibu hilo kabla ya Jumamosi saa sita mchana.