Ombi la Kusogezewa Mbele Kupatwa kwa Mwezi

Kwa Mkuu wa Ofisi Inayotoa Kalenda ya Matukio ya Angani

Mheshimiwa,

Kabla hujasoma nakuomba uketi, maana barua hii ina lawama na ina toba, na mimi mwenyewe sijui ipi itaanza.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za kike na za kiume, sare za shule, na mapazia kwa wasio na haraka. Chumba changu ni cha mwisho kwenye jengo lenye ngazi ya nje. Kina cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, na benchi la wateja ambalo limelainika kwa kukaliwa. Mtaani wananiita Fundi Kesho. Jina hilo naliitikia.

Miaka yote nimeishi kwa visingizio vya kawaida vya kazi yetu. Uzi wa rangi ile umeisha. Sindano imekatika. Umeme ulikuwa haupo, ingawa cherehani yangu haijui umeme ni kitu gani. Na mjomba wangu amefariki. Mjomba huyo nimemzika mara nne, na mara ya nne alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, anasubiri suruali yake.

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu wa jiografia alikuja kuulizia suti yake, akaniletea kalenda yenu kama zawadi. Nikaitundika juu ya meza ya kukatia, kwa sababu ya ile picha ya Zohali na pete yake, imekaa kama kola iliyopigwa pasi vizuri. Siku ya pili akaja mama wa duka la vipuri kuchukua gauni lake. Gauni lilikuwa bado kitambaa. Nikatafuta kisingizio, nikakuta vyote nimeshavitumia kwake. Nikainua macho ukutani, nikamwambia aje mvua ya vimondo ikishapita.

Mheshimiwa, yule mama ambaye huwa anapigia meza yangu makofi alishusha mikono. Akauliza ni lini, nikamwonyesha kwa kidole. Akashukuru, akashuka ngazi polepole kama mtu aliyetoka kwa daktari bingwa.

Nakiri kwamba nilinogewa. Nilisema hariri haikatwi Zuhura ikiwa juu, inavuta upande. Nilisema suruali iliyoshonwa mwezi ukiwa mpevu haifi magotini. Watu wakaanza kuja kutoka mitaa mingine. Haya yote niliyatunga mwenyewe nikitumia jina la ofisi yenu bila kuwaomba ruhusa, na kwa hilo nasema mnisamehe sana.

Sasa nije kwenye lawama. Ninazo kama ifuatavyo:

1. Matukio yenu yanatokea.

Hili ndilo kubwa, na lililobaki lote limezaliwa na hili. Mmeandika vimondo vitaanguka usiku fulani, na usiku huohuo vimeanguka. Hakuna aliyenionya. Mimi nimekulia miongoni mwa mafundi. Fundi bomba akisema anakuja Jumatatu, hakuna anayeloweka nguo za kufua kwa kumtegemea. Seremala aliyetutengenezea kitanda cha harusi alikileta tukiwa na watoto wawili. Nilidhani na anga lina ubinadamu kidogo. Kesho yangu ilikuwa haina tarehe, kila ukiifikia imesogea. Vimondo vyenu vilianguka, na asubuhi yake nilipofungua mlango nilikuta foleni hadi chini ya ngazi, mama wa duka la vipuri akiwa wa kwanza, amekuja na viatu vya kujaribishia.

2. Yanaonekana na kila mtu.

Uzi ukiisha dukani kwangu, mashahidi ni mimi na uzi. Lakini Zuhura na Mshtarii zilipokaribiana, zilikaribiana mbele ya mtaa mzima. Nilijaribu kumwambia dereva wa gari la wagonjwa kwamba kwa upande wetu bado hazijakaribiana vizuri. Akanishika mkono, tena kwa upole, akanitoa nje, akanielekeza uso juu kwa kidevu. Suruali yake ilikuwa na mguu mmoja.

3. Kuna miezi mmeiacha tupu. Katikati ya mwaka mlipita kama hamtujui, hakuna hata kimondo cha kusingizia. Nikalazimika kuandika tukio kwa mkono wangu, nikaliita Siku ya Nyota Kupumzika. Mwalimu wa jiografia akaiangalia muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza zinapumzika wapi. Suti yake bado nadaiwa.

4. Mnamuuzia kalenda yeyote. Kijana wa vocha aliye mkabala nami anazo dirishani. Wateja sasa wanakuja na zao, wamezizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu.

5. Nyumba yangu imeharibika.

Mke wangu hapo mwanzo alicheka tu. Siku moja nikarudi nina njaa, nikauliza chakula. Akasema kitakuwa tayari Mirihi ikichomoza. Nikadhani utani. Nikakaa barazani hadi Mirihi ikachomoza, na kweli akapakua. Tangu hapo, nikiuliza shati langu, linasubiri Utaridi. Nikiomba msamaha, anaufikiria hadi mwezi mwandamo. Nikilalamika anasema yeye anaogopa kuharakisha, kitu kisije kikavuta upande.

6. Kupatwa kwa mwezi.

Hapa Mheshimiwa naomba usome taratibu.

Binti yetu mkubwa anaolewa. Mkwe wetu, mama wa bwana harusi, ni mkunga mstaafu, mtu ambaye maisha yake yote muda ukifika umefika. Alipanda kwangu kuuliza gauni la harusi litakuwa tayari lini ili wapange siku. Wewe ungefanyaje? Nilifanya nilivyozoea. Nikapitisha jicho kwenye kalenda nikitafuta kitu cha mbali kuliko vyote, nikakuta kule mwisho wa mwaka mmeandika kupatwa kwa mwezi. Nikasema gauni litakuwa tayari usiku mwezi utakapopatwa. Nikajiona nimejinunulia mwaka mzima.

Mkunga akafungua mkoba, akatoa kalamu, akasema basi harusi ni siku inayofuata.

Sasa mwisho wa mwaka umefika, Mheshimiwa. Kadi zimegawiwa, zimeandikwa wazi kabisa: siku moja baada ya mwezi kupatwa. Kitambaa bado kipo kwenye mfuko wake juu ya kabati. Nimekata mkono mmoja wa gauni, basi.

Usinifikirie vibaya. Nimekata vitambaa vya mabibi harusi wengi na mkasi ukaenda moja kwa moja. Hiki kila nikikitandaza mezani namwona mtoto mdogo aliyekuwa akilala chini ya cherehani juu ya vipande, akisema mlio wake unamtia usingizi. Nakikunja tena. Nawashonea wengine. Hivi karibuni hata mjomba amepata suruali yake, hakuamini, akaniuliza kama naumwa.

Juzi binti alipanda ngazi mwenyewe. Akatazama juu ya kabati, akatazama kalenda. Nikaanza kumweleza habari za Zohali. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza:

“Baba, na mimi ni mteja?”

Akashuka. Hakufunga hata mlango.

Kwa hiyo, baada ya kutafakari, nimeona mwenye uwezo wa kuokoa jambo hili ni ofisi yako. Naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

Kwanza, kupatwa kwa mwezi kusogezwe mbele wiki mbili. Mimi kazini kwangu nasogeza kila siku na hakuna aliyekufa. Kama wakubwa zako watauliza, waambie kuna msiba. Mjomba wangu yupo tayari kutumika, tumeshazungumza.

Pili, ikishindikana, basi mwezi upatwe nusu kwanza. Sisi kwenye ushonaji tunaita kujaribisha. Mteja anakuja, anavaa nguo ikiwa na pini, anajiona kwenye kioo, anaridhika, anaondoka, na kazi yenyewe inamaliziwa baadaye. Mwezi nao upatwe upande mmoja siku hiyo, watu waone kazi inaendelea, upande wa pili umaliziwe taratibu. Mkunga hawezi kusema umepatwa ikiwa umepatwa nusu.

Tatu, kama hata hilo gumu, mtoe tangazo fupi kwamba mwezi utakaoonekana siku hiyo umefunikwa na kitu kingine, siyo kupatwa.

Nne, kuanzia mwakani tarehe ziondolewe kwenye kalenda. Andikeni tu “karibuni,” au “pitia wiki ijayo.” Picha ziachwe, hasa ya Zohali.

Nikikubaliwa, naahidi kuishonea ofisi yenu mapazia mazito, madirisha yote, bure. Najua watu wa nyota hamtaki mwanga. Nitumieni vipimo. Hayatachukua muda.

Nisalimie wafanyakazi wote wa hapo, wa juu na wa chini. Msalimie anayeshika darubini, na anayeifuta vumbi, na mlinzi wa getini ambaye nadhani ndiye anayeona nyota nyingi kuliko nyinyi nyote. Mke wangu anawasalimu pia, salamu zake zitafika mwezi ukiwa mpevu. Mjomba anasema hajambo, na kwamba akifariki rasmi mtajulishwa.

Nasubiri jibu lako kwa haraka, neno ambalo si kawaida yangu kuliandika.

Wako mkosaji,

Fundi wa chumba cha mwisho, kwenye ngazi ya nje

N.B.

Mheshimiwa, barua hii nimeikuta leo kwenye mfuko wa koti la mwalimu wa jiografia nilipokuwa nalipiga pasi. Nilikuwa nimeiweka hapo ili niipeleke posta siku iliyofuata. Naona haikwenda. Kwa hiyo mambo yameshatokea, na ni haki yako kujua.

Mwezi ulipatwa. Haukuchelewa hata kidogo.

Jioni ile chumba changu kilijaa. Wateja walikuja kushuhudia, mkunga akakaa katikati ya benchi na mkoba magotini, mke wangu akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata, nashona kwa hofu, na kila mmoja ananifundisha kushona. Mara kijana wa vocha akapiga kelele kutoka chini kwamba umeanza kuliwa. Wakatoka wote na benchi lao. Hawajafika chini wakaanza kulalamika kwamba taa yangu inawaharibia giza, mkunga akaniamuru niizime, na yule mama huwezi kumbishia.

Nikabaki gizani na gauni lisilo na mgongo.

Kisha nikaona mwanga kidogo karibu na miguu yangu. Binti yangu hakushuka na wenzake. Alikuwa ameingia chini ya cherehani, amekaa juu ya vipande na ukubwa wake wote, magoti yamefika kidevuni, ananimulikia sindano kwa simu. Na mimi nikakanyaga. Nje wanashangilia mwezi, ndani hakuna mteja hata mmoja wa kuniuliza lini. Sijawahi kufanya kazi katika amani kama ile tangu nijue kushika mkasi. Mwezi ulipokuja kutoka, gauni lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wa kalenda yenu, limebaki pindo tu, na yeye amelala palepale chini.

Pindo nililimalizia asubuhi akiwa amelivaa, amesimama juu ya kiti. Nilikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana watu wanasema sikulia.

Kwa sababu hiyo nafuta yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja. Msisogeze kitu. Msipunguze. Tarehe ziachwe zilivyo. Kupatwa mmekupanga vizuri, na sikukuona hata kidogo.

Ila mwalimu wa jiografia ameambiwa suti yake itakuwa tayari mwezi ukipatwa tena, na kalenda ya mwakani inaonyesha ni mbali kidogo, naye amekasirika. Kama haitawasumbua, mtuongezee kupatwa kumoja kudogo hapo katikati, kwa ajili yake. Barua hii naipeleka posta kesho.